Kaningoje Kumi na Saba

Jumatatu, 2 Septemba 2019

Miavuli inapungua. Watalii wameondoka, tumebaki wazee wa mstari wa mbele, karibu na maji. Saa nne asubuhi kipaza sauti cha ufukweni kimetangaza mtoto aliyepotea: msichana, miaka mitano, vazi la kuogelea la sufu, kijani. Anamngoja kaka yake kituo namba kumi na saba.

Sufu! Nani siku hizi huingia baharini na sufu?

Tena kumi na saba haipo. Reli ilipoleta wageni wa kwanza, babu zetu waligawa ufukwe kuwa vituo vya kuogelea, wakairuka namba hiyo. Kwetu ina kisirani. Kumi na sita, kisha kumi na nane.

Jumanne, 3 Septemba

Tangazo lilelile, saa ileile. Nimemuuliza Loris, mwokoaji wetu wa ufukweni. Akacheka: Mwalimu, nyaya za kile kipaza sauti tulizikata Jumamosi! Vaa kofia, jua limekuingia kichwani.

Delfina, jirani yangu wa mwavuli, hakucheka. Aliacha kufuma, akauliza taratibu kama mtoto ametajwa jina.

Nikasema sikusikia. Uongo.

Jumatano, 4 Septemba

Niandike, maana sijawahi kumwambia mtu. Mjini kwetu, kumfukuza msumbufu tunasema: "Kaningoje kumi na saba!" Mtu mzima huelewa, hurudisha tusi, huenda zake.

Agosti 1956 nilikuwa na miaka tisa, nacheza gololi mchangani. Mdogo wangu Isolina aling'ang'ania kucheza. Nikamwambia hivyo. Alikuwa na miaka mitano tu. Akaondoka akihesabu vituo kwa sauti, amevaa lile vazi la kijani alilofumiwa na mama.

Hakuonekana tena. Bahari imemchukua, walisema wote. Nami nikanyamaza.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo kipaza sauti kimenitaja hata mimi: "Ulderico, dada yako amechoka kungoja."

Delfina kanishika mkono. Usiende, mzee mwenzangu. Hata mimi nimesikia — ndiyo maana nakwambia usiende!

Nimemjibu kwamba miaka sitini na mitatu inatosha.

Naandika nimeketi mbele ya kumi na sita. Nimepita hapa maisha yangu yote: ua wa mbao, kisha kumi na nane. Leo kwenye ua huo pana mlango mdogo. Rangi yake bado mbichi, imenichafua kidole. Nyuma yake mtoto anahesabu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Halafu kimya, kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu amtajie inayofuata —