Jicho la Kulia la Mashoto

Baba yangu, shikamoo.

Najua marahaba yako haitakuja, lakini ulinilea kwa shikamoo, na siwezi kukuandikia kama ninayemwandikia afisa elimu. Nina habari, na ni nzuri. Mashoto amewaka.

Ndiyo, yuleyule. Pikapu yako ya Kimarekani, mzee wa pua ndefu na taa mbili za duara, uliyemwacha nyuma ya jiko akiwa amekaribiana na kihenge cha mpunga. Tangu ulipotutoka, mwaka wa saba huu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgusa wala wa kumuuza. Akakaa. Mvua zikamnyeshea, maboga yakamtambalia, kuku wa mama wakamgeuza nyumba ya wageni. Sasa amewaka, na nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa, ingawa nusu ya Ifakara imeshajua kwa sababu siku ile ekzosi ilikuwa bado haijafungwa.

Barua hii itasomwa na watu wasiokujua, kwa hiyo nivumilie niwaeleze. Ulikuwa dereva wa misheni. Bruda mmoja wa Kizungu ndiye aliyemleta Mashoto kwa meli, na uzee ulipomrudisha kwao akakuachia funguo na kukuomba umtunze. Tabu ya Mashoto ilikuwa usukani. Huko alikotengenezwa magari hupita kulia, basi usukani wake uko kushoto. Sisi tunapita kushoto. Kwa hiyo dereva wa Mashoto hukaa upande wa majani, na akitaka kulipita gari la mbele haoni kitu isipokuwa makalio ya lori. Lazima mtu akae kulia, achungulie, amwambie "ngoja" au "kweupe". Mtu huyo nilikuwa mimi.

Trafiki walikutaka uandike onyo nyuma kwamba usukani uko kushoto. Ukampa kazi mchoraji wa vibao vya saluni, naye akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MKONO WA KUSHOTO. Ikawa kazi. Mji mzima ulicheka, maana mkono wa kushoto kwetu una shughuli zake na hauletwi mbele za watu. Mama akasema hapeleki mavuno ya shukrani kanisani kwa gari la mkono wa kushoto. Wewe ukakataa kufuta. Ukasema rangi imeshakauka. Gari likaitwa Mashoto, wewe ukawa Baba Mashoto, na mimi shuleni nikawa mdogo wake gari.

Halafu kuna ile ya maili. Mshale wa mwendo ulikuwa wa Kimarekani, unahesabu maili, na wewe ulijua vizuri sana ila ulijifanya hujui. Siku ile karibu na Kisawasawa askari alikusimamisha. Ukamwambia, "Afande, mshale ulisoma hamsini tu."

"Hamsini za wapi, mzee?"

"Za Marekani."

"Basi nenda kazibadilishe benki kwanza, ndiyo uje barabarani."

Mlicheka wote wawili, akakuacha. Mimi niliona aibu. Leo nawasimulia wanafunzi wangu kisa hicho nikifundisha kubadili vipimo, na ndicho kitu pekee cha hesabu wanachokikumbuka.

Nimesema wanafunzi wangu. Hapo ndipo watu wanaokumbuka utoto wangu hutikisa kichwa, kwa sababu mimi, Neema wako, mwalimu ninayesikika hadi darasa la tatu kutoka langu, nilikuwa na kigugumizi. Hakikuwa kidogo. Nikiitwa jina darasani, "nipo" ilichukua muda hata mwalimu akaniwekea alama ya kutohudhuria huku nimesimama mbele yake. Herufi K ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Wenzangu waliniigiza. Nikaamua kunyamaza, nikawa mtoto wa kutikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole. Bibi alishauri ninyweshwe maji yaliyooshea kengele ya kanisani. Wewe hukushauri kitu. Ulinipandisha kiti cha kulia cha Mashoto, ukaniambia nikutazamie barabara.

Na neno ulilochagua, Baba, likawa "kweupe". Maneno yote ya Kiswahili yapo, ukachagua lenye K.

Unakumbuka safari za mwanzo? Tunatoka na magunia ya mpunga, mbele kuna lori linatumwagia vumbi, barabara imefunguka hadi upeo wa macho, na mimi nimeng'ang'ana, "Kwe, kwe, kwe." Wewe husogei. Hugeuki hata kunitazama. Mara moja nilichelewa mno hadi lori lenyewe likakata kona kuingia kijijini kwake, na ndipo neno likatoka zima: "Kweupe." Ukasema, "Ahsante. Sasa napita," ukapiga indiketa na kupita barabara tupu. Tulikula vumbi la bonde hili kuliko familia yoyote. Ukishuka nyusi zako zilikuwa nyekundu kama za mzimu, na watu wakikuuliza kwa nini umechelewa unawajibu, "Mpunga hauozi njiani."

Sikumbuki lini hasa kigugumizi kilipungua. Nakumbuka tu siku tuliyotoka kijiji cha Mbingu nyuma ya basi. Nilichungulia, nikaona njia, neno likatoka kabla sijaliogopa. Ulipita. Hukunisifu. Ulipiga honi mara mbili, ukasema, "Jicho langu la kulia hilo," ukaendelea kupiga mluzi wako usio na wimbo. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona nimelipita basi lile kwa miguu yangu mwenyewe.

Sasa nikurudishe kwenye habari. Mwaka huu, mpunga ulipokuwa bado kijani, mama alisema anataka kwenda Mofu kuliona shamba lake. Nikamwambia nitamwitia bodaboda mzuri, mpole. Akasema, "Nataka kwenda nimekaa kama mtu, si kung'ang'ania mgongo wa mtoto wa watu." Kisha akatazama nyuma ya jiko. Nilimwelewa.

Nikamleta Fundi Masanja. Ni Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wa ukoo wao, akagundua kwamba anapenda zaidi vitu visivyokula. Alimsalimia mama, akamzunguka Mashoto mara tatu, akampiga mbavuni kwa kiganja. "Mwalimu," akasema, "huyu ng'ombe mzee, lakini mifupa mizima. Fungua mlango." Nikafungua. Kwenye kiti chako kulikuwa na tetea amelalia mayai kumi na mawili, akatutazama kama sisi ndio tuliovamia kwake.

Masanja alinyoosha mkono amtoe. Mama akasema, "Thubutu." Tukangoja vifaranga, Baba. Nakuapia. Fundi alifanya kazi ya chini ya boneti tu kwa wiki tatu, akipita kwa kunyata mbele ya mlango wa dereva, kwa amri ya mama. Walipototolewa kumi, akadai mmoja awe wake kwa usumbufu. Alipewa.

Kabureta ndiyo iliyokuwa na hila. Ndani yake nyigu walijenga kwa udongo, na mpira wake ulikatika ulipoguswa. Ifakara nzima hakuna, Morogoro hakuna. Nikatafuta mtandaoni, nikampata mzee mmoja wa Uholanzi, mstaafu, Willem, ambaye anafufua pikapu ya aina ileile. Yake aliagiza kutoka Marekani, ikavuka bahari, na ameibomoa hadi skrubu ya mwisho. Kila kipande kimesafishwa na kuwekwa kwenye kisanduku chenye karatasi ya jina. Nilipomwonyesha Masanja picha za gereji ile, sakafu inang'aa kama sahani, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Huyu," akasema, "hana kuku."

Willem alitutumia mipira ya kabureta kwa posta. Sisi tukamlipa fadhila: pikapu yake ilikuja bila mfuniko wa kile kishubaka cha mbele ya abiria, ulimokuwa ukificha peremende, na hakuwa na mfano wa kutengenezea mwingine. Masanja akaupima wetu kwa rula ya mwanafunzi wangu, akauchora kwenye karatasi ya daftari, tukapiga picha tukatuma. Sasa kuna gari Ulaya lina mfuniko uliochongwa kwa mchoro wa Ifakara. Ungejivuna mwezi mzima.

Lakini Willem aliniuliza swali. Kwao wanapita kulia, kwa hiyo usukani wa kushoto ndio mahali pake, na yeye hahitaji jicho la mtu. Nilipomweleza tulivyokuwa tukisafiri alishangaa. Akaandika, kwa nini msiuhamishe usukani, mtu aweze kwenda peke yake? Masanja naye alikuwa akisema hivyohivyo tangu mwanzo. Bodaboda zimejaa, malori yamezidi, na nani siku hizi ana mtoto wa kukaa naye safari nzima? Walikuwa na haki wote wawili. Nikakubali. Masanja akaazima mashine ya kukatia vyuma, akaweka alama za chaki kwenye dashibodi, akasema kesho asubuhi anakata.

Asubuhi hiyo mama alikuwa anapeta mchele. Aliposikia neno kukata, aliuweka ungo chini.

"Nani amesema usukani unahama?"

"Ni kwa usalama, mama. Hata fundi anasema."

"Fundi wa misheni alitaka kuuhamisha zamani, bure kabisa. Alimwambia baba yako mara mbili. Akakataa mara mbili."

"Si alikuwa anamheshimu bruda? Hakutaka kuharibu gari la watu."

"Bruda gani." Akauchukua ungo wake, akapeta mara moja, makapi yakaruka. "Alisema usukani ukihama, mtoto atanyamaza."

Nilikaa kwenye bampa. Masanja akaiweka mashine chini.

Baba, miaka yote ile nilidhani nakusaidia. Nilijivuna kwamba bila mimi usingefika Ifakara. Kumbe ungeweza kabisa. Ungeweza kukaa upande wa kulia kama madereva wenzako, ukaona barabara yako mwenyewe, ukafika mapema, nyusi zako nyeusi. Ukachagua kutoona, ili mimi nipate kitu ambacho ni lazima nikiseme. Na hukuniambia, kwa sababu ungeniambia ningejua kuwa ni dawa, na dawa ningeitema.

Nimekupenda maisha yangu yote, lakini asubuhi ile nilikupenda upya kabisa, na nilikasirika kidogo kwamba hupo nikugombeze.

Nikamwambia Masanja afute chaki.

"Nifute, sawa," akasema. "Jicho atakuwa nani? Mimi nina karakana."

"Kwani mimi nina nini?" mama akauliza.

"Mama, wewe una miwani."

"Ndiyo maana naona."

Hapo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mama hakuwahi kukaa mbele. Safari zote zile alikaa nyuma, juu ya magunia, kitambaa kimefungwa mdomoni kwa ajili ya vumbi, na mimi nilidhani anapenda upepo. Nikamuuliza. Akajibu kwamba kiti kilikuwa na mwenyewe.

Tulikwenda Mofu Jumamosi iliyopita. Mama alivaa kitenge kipya, akampanda Mashoto kwa upande wa kulia, akafunga mlango mara tatu, kama unavyojua mlango ule unavyotaka. Mimi nikashika usukani wako, upande wa majani. Alikuwa jicho gumu, Baba. "Ngoja," anasema. Napunguza mwendo, nauliza kuna nini. "Yule si mke wa katekista? Ngoja nimsalimie kwanza." Tukasimama. Tukasalimia watu mpaka nikaanza kudhani tumetoka kuomba kura.

Tulipoikaribia Mbingu tukakuta trekta na tela la mpunga, limejaa, linakwenda mwendo wa maiti. Vumbi likatufunika. Mimi siioni barabara hata kidogo. Naona magunia tu. Nikangoja. Mama akatoa kichwa dirishani, akarekebisha miwani, akatazama kwa muda mrefu. Nilihisi jinsi ulivyokuwa ukihisi wewe, Baba: umekaa gizani mchana kweupe, na unamwamini mtu mmoja.

"Kweupe," akasema. "Pita, Baba Neema."

Hakugundua alichosema. Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya kitenge. Mimi nikabadilisha gia, nikapita, nikapiga honi mara mbili.

Ulikuwa ukiniita jicho la kulia. Siku zote nilidhani maana yake ni moja. Jumamosi, kutoka Mbingu hadi njia panda ya Mofu, jicho lako la kulia lilifanya kazi zote mbili, na mama akadhani machozi yale ni ya vumbi.

Mpunga wake ni mzuri. Masanja anasema Mashoto atatufikisha hata Mlimba. Maandishi ya nyuma hatujayafuta, rangi imeshakauka. Lala vizuri, mzee wangu. Huku ni kweupe.

Mwanao,
jicho lako la kulia.