Alama Thelathini na Nane

Igogo,
S.L.P. 2417,
Mwanza.
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Mwanaheri,

Shikamoo. Bado nazisikia bangili zako. Mlio ule mwembamba, dhahabu ikigonga dhahabu, umenikaa sikioni tangu uhamie Maskati, na wiki hii umenirudia kila nikikaa kimya. Goti linaendeleaje na viyoyozi vya huko? Dawa ya presha unaimeza kwa saa zake? Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila mama anakohoa kidogo.

Barua hii ataileta Nurudin, anasafiri Jumatano. Kwenye simu ukiniambia "haya, sema," maneno yote hunikimbia. Ndiyo maana naandika.

Mwezi wa kumi na moja shule ilinipeleka semina ya walimu kule Butimba, kuhusu wanafunzi wenye usonji. Mwezeshaji alitueleza kuhusu watoto wanaoziba masikio kengele ikilia, wanaojifunza salamu kama wengine wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Wenzangu waliandika majina ya wanafunzi wao. Mimi niliandika la kwangu, kisha nikalifuta.

Nikatafuta mtandaoni dodoso la watu wazima, maswali hamsini. Nikapata thelathini na nane. Mwalimu wa hesabu haamini jibu la mara moja, nikalirudia siku nyingine tatu: thelathini na saba, thelathini na tisa, thelathini na nane. Mwishoni wameandika kwamba alama hizo hazithibitishi kitu, zinaonyesha tu kuwa ni vyema mtu amwone mtaalamu. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko maswali yenyewe.

Kinachonitesa ni hiki. Dodoso linauliza kama napata shida kumtazama mtu machoni. Halijui kwamba nyumbani kwetu binti akiinamisha macho anasifiwa kuwa ana haya. Nina miaka ishirini na saba, na yote nimesifiwa. Sasa sijui ipi ni adabu niliyofunzwa na ipi ni mimi.

Ndipo nikakumbuka bangili. Unakumbuka nilipompa shikamoo mtoto wa Mzee Ndalahwa, naye yuko mgongoni kwa mama yake? Wanawake walicheka hadi wakaegemea ukuta. "Huyu anaamkia hata mbeleko," alisema mmoja. Wewe hukucheka. Tangu siku ile ukawa unatikisa bangili mara moja nikitakiwa kuamkia, mara mbili nikitakiwa kunyamaza. Hakuna mtoto mwingine wa ukoo aliyetikisiwa. Uliona nini, Shangazi? Niandikie, hata kama kinauma. Daktari niliyemwona anasema uchunguzi kamili unamhitaji mtu aliyenijua utotoni, na mama amekataa.

Mama nilimwonyesha matokeo akiwa jikoni, anapara sato.

"Usonji ni wa watoto wasiosema," akasema. "Wewe umesema hadi chuo kikuu."

Nikamwambia nataka mchumba wangu, Lukman, ajue kabla ya nikaha. Akaweka kisu chini.

"Posa imepokelewa, nikaha ni baada ya Idi. Unataka niwaendee wale watu niwaambie binti yangu ana kasoro, tena tumeichapa kwenye karatasi? Atajua akishakuoa. Sisi tulijuliwa lini?"

Mama mdogo Safia akadakia akichochea mkaa: "Mwacheni. Mume mwenyewe fundi wa injini za boti, masikio yalishakufa. Wataelewana kwa ishara."

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nilijua hapo ndipo pa kucheka.

Simlaumu mama. Anaogopa nisije nikaachwa kabla ya kuolewa, na mimi naogopa hilohilo, kwa sababu nampenda Lukman. Lakini naogopa zaidi siku wageni watakapojaa sebuleni, mimi nijifungie chumbani, naye asimame mlangoni akijiuliza amenikosea nini. Siwezi kuanza nyumba kwa kujificha ndani yake.

Nisalimie Mzee Nasoro, na dada Rukia umwambie mtandio wake ulifika. Bibi anakuombea kila swala, na anasema urudi angali anakutambua. Mola akuhifadhi huko ugenini, akupe siha na jibu jema la kuniandikia.

Ila jibu hilo sikulingoja. Juzi Ijumaa, baada ya alasiri, nilikwenda kwenye karakana ya Lukman kule Kirumba, dada yake Hidaya akinisindikiza. Nikampa matokeo yote manne. Alifuta grisi mikononi, akasoma akiwa amesimama, kisha akauliza kama maana yake simpendi. Nikamjibu, "Maana yake siku nikinyamaza, uniulize. Usikisie." Akazikunja karatasi, akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza baba yake. Tangu hapo hajapiga simu. Mama hajui bado kwamba nimeshasema.

Mwanao anayekupenda,
Hadiya