Tamasha la Kumtafutia Kamau Jibu

Jumatatu, 2 Juni
Duka wazi saa mbili. Gambuti jozi mbili, tiketi za tamasha tatu. Kila anayeingia namkabidhi tiketi kabla hajajaribu kiatu. Wananiona msumbufu. Sawa tu. Kansa ya koo ilimmaliza mume wangu Kamau mwaka jana, na hakuna daktari aliyeweza kuniambia kwa nini. Watafiti wa hospitali wanataka kuzunguka vijijini kuuliza familia za waliougua. Hawana pesa ya kuanza. Kwaya yetu itaimba wapate. Nina watoto wawili. Nataka kujua kama nao wamo hatarini.

Jumatano, 4 Juni
Mazoezi. Sauti ya tatu wanajivuta kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa dipu. Nimewafokea. Nimejuta, maana wanajitolea.

Ijumaa, 6 Juni
Ukumbi wa shule umefagiliwa, viti vimepangwa mpaka ukutani. Naogopa.

Jumamosi, 7 Juni
Saa nane, hakuna mtu. Saa tisa, watu wanne, na mmoja wao ni mchungaji. Nimelia chooni. Chepkorir wa sauti ya kwanza akanifuata. "Mama Njeri, kwani hukujua leo ni siku ya kupeleka majani ya chai?"

Sikujua! Miaka kumi na tisa hapa Kaplong, lakini mimi ni wa viatu, si wa chai. Lori la kiwanda limechelewa, na hakuna mkulima atakayeacha majani yake yaungue kwa joto kwenye gunia aje kusikiliza nyimbo. Mjinga mimi.

Basi tukawafuata. Kwaya nzima kwa miguu hadi kituo cha majani. Kinanda tuliacha, huko hakuna stima. Watu wamekalia magunia, wamechoka, wanalaani lori. Wimbo wa kwanza walitutazama tu. Wa pili, mama mmoja akapiga kigelegele. Karani wa mizani akavua kofia, akaipitisha.

Nikasimama, nikataja Kamau na kilichomuua. Kisha mzee mmoja akainua mkono. "Hata bibi yangu ilikuwa hiyo ya koo." Mwingine akasema dada yake. Mwingine, baba. Hapa kwetu huwa tunasema tu kwamba fulani aliugua. Leo kansa imeitwa kansa mchana kweupe, na kofia imejaa mara mbili. Lori lilipofika, dereva aliambiwa azime injini angoje wimbo uishe. Akangoja.

Jumanne, 10 Juni
Mvua tangu asubuhi. Nimepeleka pesa hospitalini. Zinatosha kuanza, si kumaliza. Mtafiti ni mama wa makamo, mpole. Amesema jibu litachukua miaka, na huenda lisiwe moja. Nimemwambia nitangoja. Akauliza waanze na nani. Kabla sijajibu akafungua daftari jipya, akaniomba jina kamili la marehemu mume wangu, alikozaliwa, alichopenda kula. Nimemweleza yote, taratibu. Aliandika kurasa tatu.