Ng'ombe wa Mama Yako na Matete Yangu

Mnyambe, Newala
14 Julai

Kwako mpwa wangu Veridiana,

Ni mimi mjomba wako Kasiani, mtu ambaye siku hizi bwana shamba hathubutu kupita Mnyambe bila kubisha hodi kwangu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Natumaini masomo ya uuguzi hapo Ndanda hayajakukondesha. Sisi wazima, ila goti la mkaza mjomba wako Pili linasumbua kwenye baridi.

Umeandika kwamba umepatana na mnunuzi wa Masasi amchukue ng'ombe tuliyeachiwa na marehemu mama yako, kabla kiangazi hakijammaliza, maana mwaka jana ulimkuta mbavu nje. Hukukosea, mwanangu. Lakini nisikilize.

Mwaka jana nilipanda matete ya kumlisha katikati ya mikorosho, huku nikitangaza kijiji kizima kuwa kwangu dawa ya dukani haiingii, ni samadi tu. Mwezi wa sita jirani yetu Tahiri akawasha mashine ya kupulizia dawa ya salfa mikorosho yake, upepo ukaniletea vumbi lote. Matete yakawa ya njano. Ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akanigeuzia makalio. Siku tatu hali kitu! Nikaanza kuosha jani moja moja kwa maji ya kununua. Pili akauliza kama naye akiota pembe atapata ndoo, maana wiki ile alikuwa anaoga kikombe. Tahiri alicheka mpaka akakaa chini, akasema hajawahi kuona ng'ombe anaandaliwa mchicha.

Safari hii nimehamia nyuma ya nyumba, mbali na mikorosho, nikazungushia miti ya lukina kukinga upepo. Nilichimba mitaro, nikajaza samadi, majani makavu na majivu, nikaacha vioze mpaka mvua za Desemba, ndipo nikapanda. Katikati ya matete nikapanda kunde, zinaupa udongo nguvu na ng'ombe anakula. Viwavi nimewanyunyizia mwarobaini wa kutwanga. Matete yamerefuka mpaka kanga ametaga kileleni, mayai nayafuata kwa ngazi. Wataalamu wawili walikuja kuyapima, kamba ikawaishia. Na ng'ombe ana mimba ya miezi mitano, mbavu zake huzioni hata uzitafute kwa tochi.

Sasa mnunuzi wako alifika Jumanne. Pili alimwambia nimeitwa mkutano wa wakubwa Newala mjini, na ng'ombe nimekwenda naye wakamtazame. Si kweli, Veridiana. Tulikuwa ndani ya matete, mimi nimechuchumaa, namlisha kunde asije akalia. Yule bwana akanywa chai saa nzima. Dada yangu alizoea kumkuna ng'ombe huyu pale katikati ya pembe, na mimi nikashtukia mkono wangu uko palepale.

Njoo kwanza umwone. Ukimtazama na bado ukasema auzwe, nitamfunga kamba mwenyewe nimpeleke Masasi, wala sitanuna.

Pili anakusalimu, amekuwekea karanga. Wasalimie wenzako wote bwenini, waambie mjomba wako ni nani.

Jambo moja tu. Nilipotoka mle macho yalikuwa mekundu, nikamwambia Pili ni vinyweleo vya matete vimeniingia. Havikuniingia.

Ni mimi mjomba wako,
Kasiani