Jina la Pili la Hiske

Mpendwa Bi Talea wa safu ya ushauri, naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ofisi ya usajili kupokea jina la mtoto wangu wa wiki nne, na mimi nimechoka kiasi kwamba jana nilimimina maziwa ya mtoto kwenye birika la chai.

Naitwa Stefanie, nina miaka thelathini na minane, tunaishi kijijini hapa Rheiderland, na huyu ni mtoto wetu wa kwanza baada ya kungoja miaka tisa. Darasani kwetu tulikuwa akina Stefanie watano, mwalimu akituita kwa namba, mimi nilikuwa wa nne, na tangu hapo niliapa kwamba nikipata binti nitampa jina ambalo hatagombania na mtu, jina la zamani la huku kwetu ambalo siku hizi hulisikii, nalo ni Hiske, na mume wangu Onno, mkulima, alilipenda, na mambo yangeishia hapo kama nisingefungua mdomo kutafuta jina la pili.

Nikauliza watu. Dada yangu akasema Hiske Marie, lakini kila mtoto siku hizi ana Marie katikati, mkunga akasema Hiske Sophie, mwenzangu wa kazini akasema Hiske Antonia, eti akikua aweze kulificha la kwanza, na mama mkwe, Johanne, alicheka mpaka akaweka kikombe chini: "Hiske? Weee! Hiske alikuwa ng'ombe wa baba, tena mpiga mateke yule! Haya, mpeni, ila hapo katikati mtieni Johanne, angalau awe na jina la mtu." Mama yangu, Theda, aliposikia akanipigia simu: "Binti wa kwanza hubeba jina la bibi mzaa mama, ndivyo ilivyo huku tangu zamani. Au mimi nimeshakufa?"

Jumapili majirani walikuja kumwona mtoto kama ilivyo ada, nikawatolea zabibu nilizoziloweka kwenye pombe kali tangu mimba ina miezi sita, zile ambazo huku huliwa kwa kijiko na pombe yake ikanywewa, na baada ya bakuli la pili mama mkwe akasimama: "Haya, tunywe kwa afya ya Hiske Johanne!" Mama yangu naye akasimama: "Hiske nani? Onno aliniahidi ni Theda!" "Aliniahidi mimi, tena jikoni kwangu!" Wote wakamgeukia Onno, na Onno akachota zabibu.

Kumbe alimwahidi kila mmoja kwa wakati wake ili apate amani. Nilipombana akasema, "Steffi, mi nilidhani watasahau." Sasa mama zetu hawasalimiani, jirani kaniletea kadi yenye majina mengine manane, na hata Hiske lenyewe limeshanichosha, nikilisikia namwona ng'ombe, nataka niandike Marie tu, yaishe, nilale. Je, nitakuwa nimekosea?

Stefanie


Stefanie mwanangu,

Pole. Miaka tisa ya kungoja, kisha wiki nne za kelele, mimi ningemimina maziwa hayo kwenye viatu. Nimezaliwa huku huku na najua nyumba ya mzazi inavyojaa watu wenye kijiko mkononi na maoni mdomoni. Hii ni barua ya tano ya majina mwaka huu, nami pia nimechoka, kwa hiyo niseme upesi.

Kosa la kwanza ni lako: uliuliza. Mtu ukimwomba maoni juu ya jina anakupa ng'ombe wake na ugomvi wake wa zamani. Hiske Marie, Hiske Sophie, Hiske Antonia, yote yanasikika vizuri, na hakuna hata moja ulilolitaka. Ulitaka mtu akwambie umechagua vyema. Haya, umechagua vyema. Na yule ng'ombe alishaliwa siku nyingi.

Kosa la pili ni la Onno. Onno, najua unasoma gazeti hili. Mtu mzima unawadanganya mama wawili kisha unajificha nyuma ya kijiko? Sheria haidai jina la pili. Ukimpa Johanne umemnyima Theda, ukiwapa wote watagombania nani atangulie, kwa hiyo hakuna anayepata. Alhamisi waalike wote wawili, chemsha chai mwenyewe, useme: "Nilidanganya, nisameheni, mtoto anaitwa Hiske, basi." Watanuna. Kaa hapo hapo mpaka kikombe cha tatu, usikimbilie kwenye trekta. Na wewe Stefanie usiwepo, kalale chumbani.

Marie usiandike. Si jina baya, lakini ungeliandika kwa sababu ya usingizi, na usingizi utaulipa baadaye, ilhali binti yako atakaa na jina hilo miaka themanini, akiwa Marie wa nne darasani.

Ijumaa asubuhi nenda ofisini, andika Hiske, na fomu usimwonyeshe mtu. Ukirudi nyumbani funga mlango, mbebe mwanao, umwite kwa jina lake, kwa sauti. Barua yako nzima umemwita "mtoto". Kijiji kizima kimeshalisikia jina hilo, isipokuwa mwenyewe.

Bi Talea