Sinia la Samaki Niliowatia Chumvi

Kihagara

Shikamoo dada Kristina,

Joto la huku ziwani lingekushinda. Uliniuliza kama ninakula, maana tangu tumzike mke wangu Paulina nilikuwa narudisha kila sahani uliyonipakulia. Kadi hii ndiyo jibu.

Kazi yangu ni kumkatia samaki wa miambani mtaalamu anayechunguza chakula chao. Tumbo humwonyesha kile samaki alichokula leo tu, lakini nyama hutunza alama za chakula cha miezi, naye huikausha, huisaga na kuipeleka kupimwa. Juzi aliniachia sinia zima la vipande nivikaushe. Unakumbuka Paulina, mzaliwa wa pwani hii, hakuanika samaki bila chumvi. Mkono wangu ukafuata desturi yake. Mtaalamu aliporudi alionja kimoja. "Hivi havipimiki tena," akasema. "Kesho tutavua wengine."

Mama Eda, mpishi wetu, akalivuta sinia. "Mmatengo wa milimani ameanika kama mtu wa pwani hii, nanyi mnamnunia? Leteni nyanya." Akapika, akanipakulia na ugali, akasimama palepale. "Kula, shemeji. Chumvi umeitia mwenyewe."

Nilikula nikamaliza, na jana nikala tena.

Wasalimie watoto, na jua likukaushie kahawa kabla wanunuzi binafsi hawajafika. Nikipanda kuja kwako Mkumbi ukanikuta bado nimekonda, usinigombeze. Mtaalamu anasema chakula kipya huchukua majuma mengi kuonekana kwenye nyama.

Mdogo wako,
Daudi