Vidole Vitano vya Keren

Kenton, London
4 Februari 2018

Mdogo wangu Keren,

Bwana asifiwe. Hujambo wewe, na Mama mdogo Euphrasie kifua chake kinasemaje na hiyo baridi ya Borås? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba nimeshafika thelathini.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu unaniitikia "ndiyo, kaka" mara tatu, kisha Kiswidi kinaingia na mimi nabaki nimeshika kifaa tu. Tangu ndege iwachukue nyinyi kule kambi ya wakimbizi mwaka 2013, faili langu likabaki nyuma mpaka Uingereza iliponipokea, hatujawahi kukaa tukaongea. Barua itakulazimisha kukaa. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nimepata kazi ya usafi kwenye uwanja wa Wembley. Mechi sijaona hata moja. Sisi tunaingia asubuhi yake na mifuko, safu kwa safu. Lakini nimejifunza kusoma. Timu ya nyumbani ikishinda, takataka zote zimekanyagwa, maana watu waliruka. Ikishindwa, vikombe vimesimama wima chini ya viti, bia nusu, maana watu waliondoka bila hamu. Msimamizi wetu Protas, mtu wa Bukoba, hunijaribu: "Haya, nabii wa takataka, jana ilikuwaje?" Najibu, anaangalia simu yake, na mara nyingi nimepatia.

Nimepanga chumba kwa Bibi Sushila, Mhindi mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hunisahihisha bila kuombwa.

Nasikia kocha wa timu ya taifa ya wasichana amekuita kwenye majaribio. Bado unakimbia pembeni kushoto? Nieleze yote.

Kaka yako,
Zéphyrin


Borås
27 Mei 2018

Kaka Zéphyrin,

Salamu nyingi, na pole na mgongo. Sisi tuko wazima, Mama mdogo anakohoa kidogo tu na anakataa dawa.

Majaribio yalikuwa siku tatu. Nilimpita beki mara mbili. Mara ya tatu alinigonga na bega nikaanguka nje ya mstari. Wote wamenizidi kichwa kizima. Siku ya mwisho kocha aliniita. Hakuwa mbaya. Alisema mimi ni winga mzuri na mguu wangu wa kushoto ni mzuri, lakini msichana wa miaka kumi na saba amekwisha kukua, na kwa mwili huu sitafika. Kisha akasema, "Ungekuwa na kumi na tano, ningekusubiri."

Nimerudi nyumbani na treni, masaa manne, sikula kitu. Mama mdogo anasema ni Mungu amejibu, nikasomee kazi ya kutunza wazee. Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Keren


Kenton
15 Juni 2018

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Natumaini afya yako ni njema, na ya Mama mdogo. Mimi nipo, nimechoka tu.

Usiache mpira. Huyo kocha hajui kila kitu. Kuna watu wanachelewa kukua, hata huku nimewaona. Kula maharage, kula mayai, lala mapema. Nilitaka kuandika zaidi lakini shifti inaniita.

Kaka yako,
Zéphyrin


Borås
7 Oktoba 2018

Kaka,

Natumaini u mzima. Nimeacha. Viatu nimempa binti wa jirani. Kozi inaanza Januari. Usinipigie kunibembeleza.

Mdogo wako,
Keren


Kenton
14 Oktoba 2018

Keren,

Leo salamu nitaziweka mwisho. Nikianza nazo nitaishia nazo, kama nilivyofanya Juni.

Wewe huna miaka kumi na saba. Una kumi na tano.

Mama alipofariki pale Nyarugusu, mimi nilikuwa na ishirini, nafyatua matofali. Mama mdogo alikuwa bado upande wa Congo, na sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Shule ya kambi ilipokea watoto wa miaka saba, na huko kulikuwa na uji saa nne na mwalimu wa kukutazama mpaka mchana. Nikakupeleka. Karani akauliza, "Ana miaka mingapi?" Nikasema saba. Wewe ulikuwa umesimama mbele ya meza, ukainua mkono, vidole vyote vitano vimenyooka, kama Mama alivyokufundisha. Nikaukamata mkono wako nikaushusha. Karani akaandika saba.

Nilifikiri ni jambo la uji. Sikujua karatasi ya shule itazaa ya kambi, na ya kambi itazaa ya Uswidi, na hiyo tarehe mosi Januari 2001 itakufuata mpaka kwenye mpira. Ulizaliwa mwezi wa nane mwaka 2003, wiki ile upepo uling'oa paa la kanisa. Siku yenyewe Mama aliondoka nayo.

Maneno ya kocha, kwamba ungekuwa na kumi na tano angekusubiri, niliyasoma ndani ya basi. Nikapitiliza kituo changu. Na bado nikakuandikia habari za maharage. Niliogopa, hakuna jina jingine.

Nimekwenda kwa mwanasheria, nimeapa na kutia sahihi. Karatasi hiyo imo humu. Ipeleke unakotaka, hata kama itaniletea shida.

Sasa salamu. Hujambo, mdogo wangu?

Kaka yako, ukikubali,
Zéphyrin


Kenton
20 Desemba 2019

Mdogo wangu Keren,

Bwana asifiwe. Hii ni ya nne tangu ile. Mama mdogo nikimuuliza habari zako ananiambia nikuulize mwenyewe. Mimi naendelea na uwanja, na sasa wameniongezea ofisi moja asubuhi. Bibi Sushila anasema msichana asiyejibu barua huenda ana mambo mazuri ya kufanya. Namwomba Mungu iwe hivyo.

Krismasi njema.

Kaka yako,
Zéphyrin


Borås
2 Agosti 2020

Kaka,

Salamu. Mimi ni mzima, Mama mdogo ni mzima, na wewe natumaini mgongo haujakushinda.

Najua ni karibu miaka miwili. Ndiyo ile uliyoniongezea. Nilitaka uone ina urefu gani. Nadhani sasa umeona.

Nilikasirika. Uji nilikusamehe palepale, nilipokuwa bado naisoma barua. Kilichonikasirisha ni Juni. Ni maharage.

Wiki ile barua yako ilipofika nilikwenda kwa jirani kuomba viatu vyangu. Binti wake alilia, ikabidi nimnunulie vingine. Nikaanza chini kabisa, daraja la nne, na wanawake wanaotoka kazini na kuja mazoezini na sare za hospitali. Sasa tuko la tatu. Karatasi yako sikuipeleka popote. Niliambiwa kubadilisha tarehe kutachukua miaka mingi, na mimi nimechoka kuhesabiwa na watu wengine. Nimeikunja, iko kwenye begi la viatu. Kabla ya mechi naigusa. Wenzangu wanadhani nasali.

Tangu ulipoandika nimekua sentimita tisa. Mama mdogo anachora alama kwenye mlango wa jikoni. Kocha wangu anasema hajawahi kuona mtu wa umri wangu akirefuka, na mimi nainama nafunga kamba ili asinione nikicheka.

Kuna jambo nimelifikiri. Tangu utotoni nacheza na wasichana walionizidi miaka miwili. Kwa bega sikuwaweza. Ilibidi nipite kabla bega halijafika. Zile hatua zangu tatu za kwanza, ambazo gazeti la hapa limeanza kuziandika, zilitoka pale mezani kwa karani. Usidhani nakushukuru. Nakueleza tu.

Vile vidole navikumbuka. Siku zote nilidhani ni ndoto.

Mdogo wako,
Keren


Kenton
19 Aprili 2023

Mdogo wangu Keren,

Bwana asifiwe, na asifiwe tena. Hujambo, winga wa daraja la kwanza? Chumba chako kipya huko kaskazini kina joto?

Jana tumekutazama kwenye simu yangu, imeegemezwa kwenye chupa ya achari. Bibi Sushila anajua kriketi tu, lakini hakusimama hata kuzima chai. Kuna mahali ulimwacha yule beki mnene, akaendelea kukimbia na mikono mbele. Bibi akaniuliza, "Zefu, huyu anamkimbiza nani? Msichana ameshaondoka." Chai ikamwagikia jiko, akanilaumu mimi.

Asubuhi nilikwenda kazini mgongo umenyooka. Protas akauliza nimekunywa dawa gani.

Kaka yako,
Zéphyrin


Sundsvall
22 Septemba 2025

Kaka,

Salamu kwako na kwa Bibi. Nakuandikia haraka. Wameniita timu ya taifa. Siyo ya vijana, ni ile yenyewe. Yule kocha aliyeniacha sasa ni msaidizi huko. Alinipa mkono, akasema hajui alikosea wapi. Sikumwambia.

Tarehe 25 Oktoba tunacheza na Uingereza, mechi ya kirafiki, mchana. Wembley. Nimeweka tiketi mbili humu, moja ya Bibi. Labda nitakaa benchi mpaka mwisho, usitegemee makubwa. Omba ruhusa. Usiniambie kwamba una shifti.

Mdogo wako,
Keren


Kenton
26 Oktoba 2025

Mdogo wangu Keren,

Afya yako sitaiuliza, nimeiona kwa macho yangu. Yangu ni sauti tu, imekwisha.

Tulionana dakika kumi pale kwenye kizuizi, na mimi nilisimama kama nguzo. Uliniuliza kama mgongo unauma, na hata hilo sikulijibu. Kwa hiyo naandika.

Viti vile nimevifuta miaka saba. Jana ndiyo mara ya kwanza kukalia kimoja. Nilikipangusa kwanza kwa mkono wa koti, na Bibi Sushila akanipiga kiwiko. "Kaa, Zefu. Leo wewe ni mgeni."

Waingereza walipopata bao lao kabla ya mapumziko, wote waliotuzunguka walisimama, na sisi wawili tumekaa kama watu waliokuja kukopa. Dakika ya sitini na tatu namba yako ikawaka ubaoni, ukaingia. Krosi yako ya kwanza ikaleta bao la kusawazisha. Bibi akauliza kama tumeshinda, nikamwambia bado. Halafu ile ya themanini na moja. Ulipopokea mpira pale kwenye mstari, yule beki mrefu alikuwa anakuja na bega mbele, na mimi nilirudi kwenye barua yako ya majaribio, nikakuona unaanguka. Nikahesabu hatua zako kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Bega likafika mahali ulipokuwa. Sikuuona mpira ukiingia, niliuona wavu ukitikisika.

Kisha ukaja mbio upande wetu, ukasimama mbele ya safu yetu, ukainua mkono. Vidole vitano, vyote vimenyooka. Ukauacha hapo juu mpaka wenzako wakakurukia, na safari hii hakuna mtu aliyeushusha.

Bibi akaniuliza kwa nini tano. Jana jioni mezani nikamweleza yote, kuanzia uji. Akaniongezea wali. Gazeti la leo linasema ni bao lako la tano msimu huu. Waache wahesabu.

Leo asubuhi Protas alitaka nipumzike, nikakataa. Nilitaka kusoma. Ngazi zote za upande ule vikombe vimesimama wima, bia nusu, mamia kwa mamia, kimya kabisa. Nilivikusanya kimoja kimoja na sikuona uzito wa mfuko. Tulipofika safu yetu Protas akasimama. Chini ya viti viwili, katikati ya vikombe vilivyosimama, kila kitu kimekanyagwa: karatasi, kikombe cha karatasi cha chai ya Bibi, mpaka ganda la ndizi limekuwa kama ngozi.

Anajua vizuri tulikaa wapi, lakini alitaka kunisikia. Akainama, akauliza, "Haya, nabii. Na hapa walikaa watu gani?"

Nikamwambia, "Hapa alikaa kaka yake."

Kaka yako,
Zéphyrin